Konokono wa chuma, perege wa magadi, heroe, maleo au silikanti? Kuchagua mnyama wa volkeno kwa klabu ya wanafunzi wa Kusini

Swali la kwanza huja kabla sijamaliza kuandika mada ubaoni: "Mwalimu, kwetu mlima wa moto uko wapi?" Haupo. Kutoka Kilwa mpaka mdomo wa Ruvuma tuna mawe ya chokaa, mchanga, matope ya mikoko na ule udongo mwekundu unaopendwa na mikorosho. Volkeno za Tanzania ziko mbali nasi: Ol Doinyo Lengai, Meru na Kilimanjaro kule kaskazini, Rungwe kule Mbeya. Mtoto wa Mikindani akisikia "wanyama wa volkeno" anajua anasimuliwa habari za kwa watu.

Klabu yetu ya mazingira hapa Mtwara huchagua mnyama mmoja tu kwa muhula. Tunamsoma, tunamchora, tunamtengenezea mfano, na mwisho tunamweka mezani siku wazazi wanapokuja shuleni. Mnyama akichaguliwa vibaya, muhula unakwisha watoto wamekariri majina na mama aliyeacha biashara yake kuja kutazama anaondoka bila kuuliza chochote. Imeshatutokea, na kosa lilikuwa langu: nilichagua kwa uzuri wa picha. Ndiyo maana nawaandikia walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, na wazazi wanaosimamia vikundi vya watoto mtaani, jinsi ninavyowapambanisha hawa wanyama kabla ya kuamua.

Napima mambo matatu. La kwanza, volkeno iwe imeingia mwilini mwa mnyama, si kwamba ni mahali anapolala tu. La pili, mtoto apate kitu cha kushika na kujaribu, na kitu hicho kipatikane dukani, jikoni au ufukweni kwetu. La tatu, kuwe na njia ya kumsogeza mnyama karibu na maisha ya huku. Anayeshindwa mawili kati ya haya simchukui, hata awe maarufu vipi.

Kwa kipimo hicho wengi wanabaki nje. Gorila wa milima ya Virunga ni mnyama wa heshima, na milima anayoishi ni volkeno kweli, lakini mwili wake haukuumbwa na moto. Ukimwelezea gorila unaishia kueleza msitu na mianzi. Papa walioonekana mwaka 2015 ndani ya kreta ya Kavachi, volkeno iliyo chini ya maji katika Visiwa vya Solomon, huwasisimua watoto wetu kwa sababu papa wanamjua tangu akiwa mkavu sokoni. Kwa bahati mbaya habari inaishia kwenye ile picha ya kamera iliyoshushwa majini, na siku ya pili huna la kufundisha. Guruguru wa waridi wa volkeno ya Wolf huko Galápagos, walinzi wa hifadhi walimwona mara ya kwanza mwaka 1986 na wanasayansi wakampa jina lake mwaka 2009. Ana rangi ya kupendeza, na baada ya rangi hakuna jaribio unaloweza kulifanya mezani.

Wanaobaki ni watano, nao hawalingani hata kidogo.

Wawili wa ziwa moja: heroe na perege

Hawa nawaweka pamoja kwa sababu wote ni wa Natron, na wote wanafinyangwa na kitu kimoja ambacho kila jiko la Kusini linakijua: magadi. Ol Doinyo Lengai, unaoangalia ziwa hilo kutoka kusini, hutoa lava isiyofanana na ya volkeno nyingine yoyote hai duniani. Lava ya kawaida huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ya Lengai haifiki hata 600, ni nyeusi inapotoka, na ikishapigwa na hewa na unyevu hugeuka nyeupe, maana imejaa sodiamu, ile ile ya magadi. Majivu na mawe ya volkeno za eneo hilo yanaoshwa na mvua na chemchemi za moto, maji yanaishia ziwani, ziwa halina mto wa kutokea, jua linakausha, na magadi yanabaki. Maji yanayopatikana hapo yanachoma ngozi.

Heroe mdogo ndiye ambaye wenzangu wengi humchagua, na sababu wanayo. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron. Hujenga viota vya matope vyenye umbo la kichuguu kifupi katikati ya ziwa, jike hutaga yai moja, na yale maji makali yanawazuia fisi na mbweha wasiwafikie. Chakula chake ni mwani mdogo sana, spirulina, unaostawi kwenye magadi. Huuchuja akiwa ameinamisha kichwa mpaka mdomo uko juu chini, na rangi ya waridi tunayoisifia inatoka kwenye chakula hicho. Kifaranga huzaliwa wa kijivu.

Perege wa magadi hana picha nzuri. Ni samaki mdogo wa kuenea kiganjani, ndugu wa perege tunayemkaanga. Anaishi kwenye chemchemi za moto kandokando ya Natron, na ndugu yake mwingine yuko ziwa Magadi, upande wa Kenya. Takriban miaka 10,000 iliyopita maziwa hayo mawili yalikuwa ziwa moja kubwa lenye maji yanayovumilika. Maji yalivyopungua na magadi kuongezeka, samaki wengine walikwisha, perege wakabaki. Yule wa Magadi anaishi kwenye maji yanayofika nyuzi 40 na zaidi kidogo, joto ambalo mtoto akilipata tunamkimbiza hospitali. Usiku hewa ya oksijeni majini inapopungua sana, hupanda juu na kugugumia hewa kwa mdomo.

Lakini uzito wa perege uko kwenye taka za mwili wake, na hapa naomba mwalimu asipite haraka. Samaki wa kawaida hutoa amonia kupitia matamvua, na maji yanaichukua bila shida. Amonia ni ile harufu inayochoma pua ukifungua banda la kuku lililofungwa. Kwenye maji ya magadi amonia haitoki kirahisi, inarudi kumlundikia samaki mwilini, na ni sumu. Perege wa Magadi ameacha kabisa njia hiyo. Taka yake yote anaigeuza kuwa urea, kama tunavyofanya sisi binadamu, jambo ambalo kwa samaki wa aina yake ni nadra mno. Watoto wa wakulima wanaijua urea: ni jina lililoandikwa kwenye mfuko wa mbolea nyumbani kwao. Mwaka tuliofundisha jambo hili, kijana aliyekuwa anasinzia nyuma aliinua kichwa akauliza kama mkojo wa huyo samaki unaweza kuwekwa kwenye mahindi. Swali kama hilo linanitosha kwa wiki nzima.

Ukiwapambanisha: heroe anavuta macho kutoka mlangoni, perege anamshika mtoto akishakaa. Kwa wote wawili jaribio ni lile lile, tena la bei ya chini. Chemsha rosela kavu, acha ipoe, gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja acha kama kilivyo, kingine kamulia ndimu, cha tatu tia magadi kidogo. Cha ndimu kinawaka wekundu, cha magadi kinageuka kuelekea kijani mbele ya macho yao. Hapo unawaambia: samaki wetu amezaliwa ndani ya kikombe hiki cha tatu. Usiruhusu mtu aonje.

Udhaifu wa heroe kwetu ni safari. Kuna shule zinazoahidi watoto kuwapeleka Natron. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka kufika kule, na heroe hawazai kila mwaka. Kina cha maji kikizidi au kikipungua hawajengi viota. Ahadi hiyo usiitoe kama huna uhakika na gari na mfuko. Mtoto aliyeahidiwa ndege milioni akaishia kuoneshwa picha hatakuamini tena ukimwambia habari za samaki.

Konokono mwenye magamba ya chuma

Huyu ni wa bahari yetu. Naomba sentensi hiyo iandikwe kwa herufi kubwa juu ya meza ya maonyesho, kwa sababu ndiyo inayolijibu lile swali la ubaoni. Volkeno hazikuishia nchi kavu. Katikati ya Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga Msimbati na Shangani, kuna safu ya milima chini ya maji ambako sakafu ya bahari inapasuka na kuachana. Maji hupenya kwenye nyufa, yanapashwa moto na miamba iliyoyeyuka chini, kisha yanarudi juu kwa mabomba ya madini yaliyojijenga pale, yakiwa na joto linalozidi nyuzi 300, meusi kama moshi kwa wingi wa madini. Hayachemki kwa kuwa uzito wa maji ya juu yake unayabana. Sehemu moja inaitwa Kairei, iko kusini mashariki mwetu, zaidi ya kilomita 3,000, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,400. Huko ndiko alikoonekana mwaka 2001 konokono ambaye mguu wake umefunikwa na magamba kama ya samaki, na magamba hayo yana madini ya chuma na salfa.

Hakuna mnyama mwingine aliye hai anayejulikana kutumia chuma cha namna hiyo kujijengea mwili. Ganda lake la nje pia limepakwa madini hayo. Katikati kuna tabaka laini, na ndani tabaka la chokaa kama la konokono wengine. Mwaka 2010 watafiti walilijaribu ganda hilo kwa kulibana na kuligandamiza, wakakuta tabaka hizo tatu zinagawana pigo hivi kwamba ufa hauendi mbali. Kwa kiumbe anayeishi jirani na kaa wenye magando, hiyo si anasa.

Ana mdomo, lakini utumbo wake umesinyaa. Kooni ana tezi kubwa iliyojaa bakteria, na hao ndio wanaomlisha kwa kutengeneza chakula kutokana na salfa ya volkeno, bila jua hata chembe. Kazi yake yeye ni kuwaletea hewa na salfa, na kwa hiyo moyo wake ni mkubwa kupita kiasi: unachukua karibu asilimia 4 ya mwili mzima.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya konokono weupe. Kwenye eneo jingine la bahari hiyo hiyo, liitwalo Solitaire, wapo konokono wa aina ile ile ambao magamba yao ni meupe na hayana chuma. Maji ya pale yana chuma kidogo sana. Watafiti waliochunguza magamba wakaona vijinjia vyembamba ambavyo konokono anavitumia kutoa salfa mwilini. Salfa ikikutana na chuma kilichomo majini, madini yanajijenga pale pale kwenye gamba. Maana yake, konokono hakukusudia kujivika silaha peke yake. Anatoa uchafu, na uchafu ukikutana na maji yenye chuma unakuwa vazi. Mpe mwanafunzi habari ya weusi na weupe bila kumpa jibu, mwache abishane na wenzake dakika kumi. Wapo watakaolifikia.

Kwa vitendo, huyu anawapita wote. Tuma watoto ufukweni maji yakipwa wakusanye maganda matupu ya tondo kwenye mikoko, yale yaliyokwisha kuachwa tu. Chukua mawili. Moja lipake rangi ya kucha pande zote, jingine liache, yote yatumbukize kwenye maji ya ndimu. Lisilopakwa linatoa povu na kuanza kuliwa, maana chokaa na asidi havikai pamoja, na maji yanayotoka kwenye mabomba yale ya kilindini yana asidi. Halafu tengeneza mguu wa konokono kwa udongo wa mfinyanzi, uvike vizibo vya soda vilivyosawazishwa kwa nyundo. Magamba ya konokono wa Kairei yana madini yanayovutwa na sumaku; vizibo navyo hivyo hivyo. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Vizibo vikunjwe kingo na mtu mzima kwanza, vinakata.

Onyo moja kwa mwalimu. Watoto wataandika kwamba konokono huyu "anaogelea kwenye maji ya nyuzi 300." Futa. Maji ya namna hiyo yangempika. Anakaa pembeni, ambako maji ya moto yamekwisha kuchanganyika na yale baridi ya kilindini. Anayeishi karibu zaidi na moto ni mnyoo wa Pompeii wa bahari ya Pasifiki, ambaye mkia wake hukaa ndani ya mrija wenye joto lililopimwa mpaka nyuzi 80 hivi huku kichwa chake kikiwa kwenye maji ya nyuzi 22. Ukitaka kumtaja, mtaje kwa sentensi hiyo moja, usimchanganye na huyu.

Ana shida yake ya siku hizi pia, na wakubwa wa darasa wanaweza kuijadili. Mabomba yale yanarundika madini ya thamani, na nchi kadhaa zimepewa mikataba ya kutafuta madini kwenye safu hiyo ya milima. Mwaka 2019 konokono huyu aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa kilindini. Sisi wa Mtwara tunaoishi na gesi ya Mnazi Bay tunayo lugha ya kuzungumzia mambo ya kuchimba chini ya bahari. Waache watoto waizungumze.

Silikanti wa mapango ya lava

Kama konokono anashinda kwa majaribio, silikanti anashinda kwa hadithi, na hadithi yake inapita mlangoni kwetu.

Ilidhaniwa samaki huyu amekwisha duniani tangu enzi za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 akatokea kwenye nyavu za meli huko East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji, akamwona kwenye rundo la samaki na kukataa atupwe. Profesa J.L.B. Smith akamtambua, kisha akasambaza matangazo yenye picha pwani nzima, akiahidi pauni 100 kwa atakayempata mwingine. Miaka ikapita 14. Desemba 1952, kisiwani Nzwani, huko Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa na kumpeleka sokoni. Mwalimu wa shule aliyekuwa amelisoma tangazo akamwona kabla hajakatwa, akawaambia wasimguse. Samaki akabebwa kuvushwa milima mpaka ng'ambo ya pili ya kisiwa, kwa nahodha aliyekuwa na matangazo hayo. Nikifika hapo kwenye kusimulia, huwa nasimama kidogo. Ni mwalimu aliyemwokoa.

Na volkeno iko wapi? Ngazija, kisiwa kingine cha Komoro, sehemu yake kubwa ni kazi ya mlima Karthala, wenye mita 2,361, uliolipuka mara kadhaa mwaka 2005 mpaka 2007. Lava yake ilishuka mpaka baharini na kuacha mapango kwenye miteremko ya chini ya maji. Hans Fricke na wenzake walipiga picha za kwanza za silikanti akiwa hai majini mwaka 1987, wakiwa ndani ya nyambizi ndogo, na baadaye wakayakuta mapango hayo, kwenye kina cha kama mita 200. Mchana silikanti hulala humo kwa makundi, wakati mwingine zaidi ya kumi katika pango moja bila kugombana. Usiku hushuka chini zaidi kuwinda. Mapezi yake yenye nyama huyapeleka moja mbele moja nyuma, kama mtu anavyotembea. Utafiti wa magamba uliotolewa mwaka 2021 unaonyesha anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua takriban miaka 5.

Kutoka Mtwara hadi Ngazija ni chini ya kilomita 400. Ni karibu kuliko Dar es Salaam! Na mwaka 2003 silikanti alivuliwa Songo Mnara, wilaya ya Kilwa, mkoa wetu wa Lindi, wa kwanza kujulikana katika maji ya Tanzania. Baada ya hapo wakaonekana wengi Tanga, walionaswa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa kule.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Kwenye kipimo changu cha kwanza silikanti anapepesuka. Lava imempa nyumba. Mwili wake haukuhitaji lava. Hapa kwetu na Tanga anaishi kwenye majabali ambayo si ya volkeno kabisa. Mwanafunzi mkali atakuuliza, "Kwa hiyo ni mnyama wa volkeno au wa mapango?" Mjibu ukweli: ni wa mapango ya kina kirefu, na Ngazija mapango yalitengenezwa na mlima wa moto. Ukitaka somo la jinsi mazingira yanavyogeuza mwili, usimchague. Ukitaka watoto waende kwa babu zao wavuvi na kurudi na maswali, hana mpinzani. Nilituma wanne Feri na picha. Walisalimia kama walivyofundwa, "Shikamoo babu," wakaonesha picha, na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaishika muda mrefu, akawaambia mapezi hayo si ya samaki, ni ya mtu anayetaka kuinuka. Walirudi nayo hiyo sentensi, na ikawa kichwa cha bango lao.

Waeleze pia mapema kwamba silikanti analindwa kisheria. Asiwepo mtoto atakayemtia hamu mjomba wake kwenda kumtafuta.

Maleo, kwa wadogo

Ndege huyu wa Sulawesi, Indonesia, halalii mayai. Huchimba shimo kwenye mchanga uliopashwa moto na jua ufukweni, au kwenye udongo unaopata joto la volkeno kutoka chini, hutaga yai lenye ukubwa wa mara tano la kuku, hufukia, na kwenda zake. Baada ya miezi miwili hadi mitatu kifaranga hujichimbua mwenyewe mpaka juu na anaweza kuruka siku hiyo hiyo. Hana mama wa kumfuata.

Kwa shule ya msingi simjui bora kuliko yeye. Kila mtoto amewahi kumwona kuku akiatamia, kwa hiyo mshangao unakuja bila kusukumwa. Jaribio ni kipimajoto na mchanga wa pwani: pima juu, pima kwenye kina cha kiganja, pima kwenye kina cha mkono, asubuhi na saa nane mchana, uone joto linavyotulia ukienda chini. Kwa sekondari anakwisha haraka. Wiki mbili, na umesema yote.

Ningechagua hivi

Darasa la nne mpaka la saba, maleo. Klabu ya sekondari yenye mwalimu wa kemia anayekubali kusaidia, na jiko la kuchemshia rosela, ichukue perege wa magadi, na heroe awe picha kubwa nyuma ya meza ya kuita watu. Nasema hivyo nikijua wengi wangegeuza, heroe mbele na perege pembeni; lakini anayebadilika kikemia ni samaki, na ndilo jambo linalobaki kichwani. Shule ya Kilwa, hasa inayopata watoto kutoka visiwani, sioni ni kwa nini isianze na silikanti. Songo Mnara ni kwao.

Kwa shule za Mtwara mjini, Mikindani na Lindi mjini, zilizo karibu na mikoko na zenye muhula mzima wa kutumia, ningemchagua konokono wa chuma bila kusita. Anapita kwenye vipimo vyote vitatu, gharama yake ni ndimu na rangi ya kucha, na anamwonesha mtoto kwamba moto wa dunia uko pia chini ya maji anayoyaona dirishani. Tatizo lake ni kwamba hakuna picha zake nyingi za kubandika, na bila mfano mzuri wa udongo meza inaonekana tupu. Anza mfano wiki ya kwanza, udongo unachukua muda kukauka na mara nyingi unapasuka.

Muhula huu ndiye tuliyemchukua. Binti mmoja alimpigania silikanti mpaka dakika ya mwisho, na tumekubaliana muhula ujao atakuwa wake, naye ataongoza. Vizibo tumeshaanza kuvipokea kwa mama anayeuza soda karibu na lango la shule. Tunahitaji kama mia tatu, na sumaku ipo.